Jinsi viazi hugeuzwa vodka, na kwa nini nafaka bado inatamba

VIAZI vinapofurika sokoni na bei kuporomoka, si ajabu kuona magunia yakichipuka kando ya barabara za Nyandarua, Molo na Meru, huku mkulima akibembelezana na dalali ambaye tayari anajua kwamba mwenzake hana pa kwenda. Misimu kama hiyo huzua swali ambalo ni rahisi kuuliza na gumu kujibu: ikiwa watu wa nchi za baridi hutengeneza vodka kwa viazi, kwa nini waru wa Kenya waozee shambani?

Swali hilo si la mzaha. Viazi ni zao la pili la chakula kwa umuhimu humu nchini baada ya mahindi, na vodka ni miongoni mwa vileo vikali vinavyouzwa kwa wingi zaidi duniani. Hata hivyo, kati ya kiazi na chupa kuna safari ndefu ambayo imejaa kemia, hesabu na siasa, na ambayo asiyeifahamu anaweza kupoteza mtaji, macho au hata maisha.

Kwanza ni vyema kuondoa dhana moja iliyoenea. Wanywaji wengi, na hata wasiokunywa, huamini kwamba vodka kwa asili ni pombe ya viazi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vodka inayouzwa ulimwenguni hutokana na nafaka, hasa ngano, mahindi, na rai, ambayo ni nafaka inayofanana na ngano na kustahimili baridi kali. Vodka ya viazi ni sehemu ndogo tu ya biashara hiyo. Humu nchini nako, pombe kali nyingi zinazotengenezwa na viwanda hutokana na spiriti ya molasi, yaani asali nyeusi inayobaki baada ya sukari ya miwa kutolewa.

Jina lenyewe halitaji kiazi wala nafaka. Ni neno la lugha za Kislavoni lenye maana ya maji, lakini kwa umbo la udogishaji. Mswahili angesema "vijimaji". Wapoland na Warusi wamebishana kwa miaka mingi kuhusu nani aliyeanza kukeneka kinywaji hicho, na ubishi huo hauonyeshi dalili ya kuisha. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba walipoanza, hapakuwa na kiazi hata kimoja barani Ulaya. Kiazi ni mzaliwa wa milima ya Andes, Amerika Kusini, na kilivushwa bahari na Wahispania katika karne ya 16. Hata baada ya kufika, kilichukua takriban miaka 200 kabla ya kukubalika kama chakula cha binadamu katika sehemu nyingi za bara hilo. Wengine walikitilia shaka kwa sababu kinaota gizani chini ya udongo, wengine wakakipa nguruwe.

Mtu ambaye jina lake hutajwa mwanzoni mwa historia ya pombe ya viazi si mlevi wala mfanyabiashara. Ni bibi wa ukoo wa kikabaila wa Uswidi, Eva Ekeblad, aliyezaliwa mwaka 1724. Mwaka 1746 aliwasilisha kwa Akademia ya Sayansi ya Kifalme ya Uswidi maelezo ya jinsi viazi vinavyoweza kutoa unga na pombe kali. Wakati huo kiazi kilikuwa kitu cha kupandwa katika bustani za mabwana, na Ekeblad mwenyewe anakumbukwa kwa kujipamba nywele kwa maua ya mmea huo.

Uzito wa ugunduzi wake hauko kwenye pombe peke yake. Uswidi ya siku hizo ilikuwa ikitumia nafaka nyingi kukeneka pombe kali, na mvua ilipokosekana au baridi ilipozidi, watu walijikuta wakishindania gunia lile lile la rai: lisagwe liwe mkate au lichachushwe liwe kileo. Ikiwa pombe ingetoka kwenye kiazi, nafaka ingebaki kwenye kinu. Mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 24, Ekeblad alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika akademia hiyo, ingawa baadaye alihesabiwa kuwa mwanachama wa heshima tu.

Ikumbukwe kwamba mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa na wapenda maendeleo. Kiazi kilisaidia kupunguza njaa, lakini pia kilirahisisha pombe. Katika karne ya 19 ulevi ulikuwa umekithiri Uswidi kiasi cha kuzua vuguvugu kubwa la kupinga vileo. Serikali ilianza kubana ukenekaji wa nyumbani kwa sheria ya mwaka 1855, na kufikia 1860 ukapigwa marufuku kabisa. Msomaji wa Kenya, ambaye ameona sheria zikija na kupita kuhusu chang'aa, atatambua mchezo huo.

Makao makuu ya pombe ya viazi hayakuwa Uswidi, lakini. Yalikuwa katika tambarare za mchanga za Prussia na Poland. Huko udongo ni mwepesi na maskini, ngano haitoi kitu cha maana, lakini kiazi hustawi. Ekari moja ya viazi katika udongo wa aina hiyo inaweza kutoa wanga mwingi kuliko ekari moja ya rai. Tatizo la bwana shamba lilikuwa usafiri. Viazi ni vizito, vimejaa maji na huoza. Kuvibeba kwa mkokoteni hadi mjini kulikuwa kazi ya kijinga. Spiriti yake ingebebwa kwa mapipa machache na isingeoza kamwe.

Hivyo basi, kila shamba kubwa likajenga mtambo wake. Viazi vilivunwa vuli, mitambo ikafanya kazi majira yote ya baridi wakati vibarua hawana kazi shambani, na machicha yaliyobaki baada ya kukeneka yakapewa ng'ombe yakiwa bado na joto. Samadi ya ng'ombe hao ikarudishwa kwenye udongo ule ule wa mchanga, na mwaka uliofuata viazi vikaota vizuri zaidi. Ni vigumu kutoistahi akili iliyobuni mzunguko huo, hata kama faida iliishia mifukoni mwa makabaila na si ya waliopalilia.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyochochea uvumbuzi. Mwaka 1817, Mjerumani Johann Pistorius alipata haki ya kumiliki ubunifu wa mtambo uliokusudiwa hasa kukeneka uji mzito wa viazi, ambao ulikuwa ukiungua kwenye masufuria ya kawaida. Katika miaka ya 1870 likaja pipa la chuma la Henze, ambalo hupika viazi kwa mvuke wenye shinikizo na kisha kuvifyatua kupitia valvu nyembamba vikatoka vimepondeka kabisa. Spiriti ya viazi ikawa bidhaa ya viwanda, si ya baa pekee. Katika Vita vya Pili vya Dunia, roketi za V-2 ambazo Ujerumani ilirushia London na Antwerp ziliendeshwa kwa ethanoli iliyochanganywa na maji, na sehemu kubwa ya ethanoli hiyo ilitoka kwenye viazi. Spiriti ya roketi moja ilihitaji viazi tani zipatazo 30, katika nchi ambayo raia wake walikuwa wakipimiwa chakula.

Je, kiazi hugeukaje kuwa kileo? Jibu fupi ni kwamba hakigeuki chenyewe, na hapo ndipo kinapotofautiana na zabibu au muwa. Chachu, yaani hamira, hula sukari na kutoa alkoholi na hewa ya kaboni dioksidi. Zabibu ina sukari tayari. Kiazi kina wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikamana, na chachu haiwezi kuumeza mnyororo huo. Lazima ukatwe kwanza.

Kazi huanza kwa kuosha. Hatua hii huonekana ndogo, lakini udongo na mawe huharibu pampu na kubeba vijidudu vinavyochachisha uji vibaya. Kisha viazi hupikwa hadi chembechembe za wanga zinywe maji, zivimbe na kupasuka. Kwa kiazi jambo hilo hutokea kuanzia nyuzijoto 60 hivi, lakini viwanda hupika kwa joto la juu zaidi ili pasibaki kitu. Kwa kuwa takriban asilimia 78 ya kiazi ni maji, huhitajiki kuongeza maji mengi kama ilivyo kwa nafaka. Kinachopatikana ni uji mzito unaonata kama gundi.

Hapo huingia kimea. Shayiri iliyoloweshwa ikachipuka huwa na vimeng'enya vyenye uwezo wa kukatakata mnyororo wa wanga. Uji hupozwa hadi nyuzijoto kati ya 60 na 65, kimea kilichosagwa hutiwa, na katika muda wa saa moja au mbili gundi ile hulegea na kuwa majimaji matamu. Wapikaji wa busaa wa Magharibi ya Kenya hawahitaji kufundishwa hatua hii. Kimea cha wimbi wanachotia kwenye unga wa mahindi uliokaangwa hufanya kazi ile ile, kwa vimeng'enya vya aina ile ile. Siku hizi viwanda vingi vya Ulaya hununua vimeng'enya vilivyotengenezwa na maabara badala ya kuchipusha shayiri. Wajapani wa kusini, wanaotengeneza pombe kali ya viazi vitamu iitwayo shochu, hutumia kuvu inayooteshwa kwenye mchele.

Uji mtamu hupozwa tena hadi karibu nyuzijoto 30, ukatiwa chachu. Moto ukizidi, chachu hufa, ukipungua, hulala. Kwa siku mbili hadi nne mapipa hutoa povu na joto, na mwisho wake hubaki kitu kama bia chungu isiyo na mvuto wowote, yenye alkoholi ya asilimia 7 hadi 9 hivi. Hakuna mtu anayeikusudia kuinywa.

Kukeneka ni kutenganisha vitu kwa tofauti ya joto la kuchemka. Ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi ya kunywa, huchemka kwa nyuzijoto 78.4, na maji kwa nyuzijoto 100. Ukichemsha mchanganyiko wa vyote viwili, mvuke unaotoka huwa na alkoholi nyingi kuliko uji uliobaki. Ukiupoza mvuke huo, unapata pombe kali zaidi. Mtambo wa sufuria moja hufanya hivyo mara moja kwa kila mzunguko. Kiwanda cha vodka hutumia mnara wenye sahani nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katika kila sahani mvuke hupozwa na kuchemshwa upya, kana kwamba umekenekwa mara kadhaa kabla ya kufika kileleni. Hapo juu hutoka spiriti yenye alkoholi ya takriban asilimia 96. Kupita hapo haiwezekani kwa kuchemsha pekee, kwa sababu maji yaliyobaki na ethanoli huanza kuvukizika pamoja kwa uwiano ule ule.

Spiriti hiyo haina rangi na karibu haina ladha. Wengi huipitisha kwenye mkaa, mbinu inayotokana na ugunduzi wa mkemia Tobias Lowitz, ambaye alibaini akiwa St. Petersburg mwaka 1785 kwamba mkaa hunyonya uchafu na harufu katika vimiminika. Hatimaye hutiwa maji hadi kileo kishuke kufikia asilimia 40 hivi. Katika Umoja wa Ulaya, kinywaji kilicho chini ya asilimia 37.5 hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina la vodka.

Mashabiki wa vodka ya viazi husema ni nzito mdomoni na laini kooni kuliko ya nafaka. Wapinzani wao huuliza ni vipi kitu kilichosafishwa hadi asilimia 96 kinaweza kukumbuka kilikotoka. Ukweli uko katikati: ile asilimia nne iliyobaki si maji matupu, na mwenye kiwanda anaweza kuamua asafishe kiasi gani. Chapa kama Luksusowa, iliyoanzishwa Poland mwaka 1928, na Chopin, iliyokuja katika miaka ya 1990, zimejenga jina lao juu ya tofauti hiyo ndogo.

Ipo mada moja isiyoweza kurukwa katika gazeti la nchi hii, nayo ni methanoli. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 waliaga dunia jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyokuwa na kemikali hiyo, na wengine wakapofuka. Mei 2014, maafa kama hayo yalizikumba kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Februari 2024, angalau watu 17 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga kutokana na kinywaji chenye sumu. Kila mara baada ya vifo vya aina hii husikika maelezo kwamba pombe "ilipikwa vibaya". Maelezo hayo kwa kawaida hayaelezi vifo vya halaiki.

Methanoli hutokea kwa kiasi fulani katika uchachushaji wowote wa mimea. Chanzo chake ni pektini, kitu kinachoshikamanisha kuta za chembe za matunda na mboga. Kiazi kina pektini kidogo kikilinganishwa na matunda mengi, na methanoli inayopatikana kwenye uji wake ni haba. Haitoshi kuua kijiji. Mtu hupata methanoli ya kuua anapouziwa kemikali ya viwandani, ile inayotumika kuyeyushia rangi na shughuli nyingine zisizohusu kinywa, ikiwa imechanganywa na maji na ladha na kupewa jina la pombe. Mchanganyaji hufanya hivyo kwa sababu kemikali hiyo huwa rahisi kuliko spiriti halali iliyolipiwa ushuru, na kwa macho, pua au ulimi mnywaji hawezi kuitofautisha na ethanoli.

Kuna imani nyingine ambayo huwapa wapikaji wa nyumbani ujasiri usiostahili. Wanajua kwamba methanoli huchemka kwa nyuzijoto 64.7, chini ya ethanoli, kwa hivyo hudhani kuwa wakimwaga kikombe cha kwanza kinachotoka kwenye mrija, sumu yote imekwenda nayo. Kinachotoka kwa wingi katika kikombe hicho ni vitu vingine vyepesi, kama asetaldehaidi, ambavyo huchoma koo na kuumiza kichwa. Methanoli hushikana na maji na huendelea kujitokeza kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa mtu ameuziwa malighafi iliyotiwa kemikali, hakuna kumwaga kikombe kutakakomwokoa. Viwanda huiondoa kwa mnara maalumu uliojengwa kwa kazi hiyo, na sheria ya Ulaya hairuhusu vodka kuwa na methanoli inayozidi gramu 10 katika kila lita 100 za alkoholi halisi.

Mwilini, ini huigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi na kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa macho na kuivuruga damu. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: mtu hulala akidhani amelewa tu, akaamka haoni vizuri, anatapika na anapumua kwa shida. Hapo kila saa ni muhimu. Hospitalini anaweza kupewa dawa iitwayo fomepizole, au ethanoli safi kwa kipimo cha daktari, ambazo huzuia ini lisiendelee kuigeuza methanoli, huku damu ikisafishwa kwa mashine. Kumwacha nyumbani "alale aamke" ni kumwacha afe.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, ilifuta marufuku ya awali dhidi ya chang'aa na kuruhusu itengenezwe kwa leseni, kwa viwango vilivyowekwa na katika chupa za glasi. Kwa mantiki hiyo, mkulima anayetaka kukeneka viazi hajafungiwa mlango. Lakini asiye na leseni anavunja sheria, hata kama kileo chake ni safi kama maji ya mvua.

Ugomvi kuhusu viazi na vodka umewahi kufika hadi bungeni, tena si bunge dogo. Poland na nchi za Baltiki zilipojiunga na Umoja wa Ulaya Mei 2004, ziliungana na Uswidi na Finland kudai kwamba jina la vodka litumiwe tu kwa kinywaji kilichotokana na nafaka, viazi au molasi ya kiazisukari. Waliochokozwa ni watengenezaji wa nchi nyingine, Uingereza ikiwa mstari wa mbele, waliosema kwamba vodka ni spiriti yoyote safi iliyotiwa maji. Mfano uliokuwa ukitajwa sana ni Cîroc, ya kampuni ya Diageo, ambayo hutengenezwa kwa zabibu za Ufaransa na iliingia sokoni mwaka 2003.

Wapoland walikasirika kweli kweli. Kwao, vodka ya zabibu ni sawa na kumwambia mtu wa Lamu kwamba halua inaweza kutengenezwa kwa kitu chochote mradi ni tamu. Pesa nazo hazikuwa mbali, kwani mwenye kumiliki jina humiliki soko. Baada ya mvutano wa takriban miaka miwili, Bunge la Ulaya lilipitisha mapatano Juni 2007 yaliyohusishwa na mbunge Mjerumani Horst Schnellhardt, na mwaka 2008 yakawa sheria nambari 110. Vodka ya nafaka na ya viazi haihitaji maelezo; iliyotokana na kitu kingine lazima iandike kwenye kibandiko ilitokana na nini. Sheria mpya ya mwaka 2019 ilihifadhi kanuni hiyo. Poland nayo ilijitungia ulinzi wake: tangu mwaka 2013, kinachoitwa "Vodka ya Kipoland" lazima kitokane na nafaka zilizotajwa au viazi, vyote vilivyokuzwa nchini humo. Norway imekwenda mbali zaidi kwa kileo chake cha akevitt, kwani angalau asilimia 95 ya spiriti yake lazima iwe ya viazi vya Norway.

Sasa turudi kwa mkulima na magunia yake, tufanye hesabu. Tani moja ya viazi vyenye wanga wa asilimia 18 ina kilo 180 za wanga. Kwa nadharia inaweza kutoa karibu lita 129 za alkoholi halisi. Kiwandani, baada ya hasara zisizoepukika, tuseme lita 110. Chupa moja ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 40 huhitaji mililita 300 za alkoholi. Kwa hivyo tani hiyo itatoa chupa zipatazo 366, na kila chupa itakuwa imemeza kilo 2.7 za viazi. Gunia la kilo 50, ambalo ndicho kipimo kilichowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019, litatoa chupa 18.

Chupa 18 kwa gunia zinavutia hadi uone washindani. Tani ya ngano hutoa takriban lita 380 za alkoholi, yaani zaidi ya chupa 1,200. Tani ya molasi, ambayo si chakula cha mtu na ni masazo ya kiwanda cha sukari, hutoa takriban lita 250, bila kupikwa wala kutiwa kimea kwa kuwa tayari ni sukari. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food kilichoko Muhoroni kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili hiyo hiyo. Mwekezaji mwenye akili timamu akipewa kuchagua kati ya molasi inayofika kwa lori la tangi na viazi vinavyofika na udongo, ataichagua molasi.

Kuna pia suala la aina ya viazi. Shangi, aina inayopendwa na wakulima wengi wa Kenya kwa kuwa huiva upesi na kupikika upesi, hulala kwa muda mfupi sana baada ya kuvunwa kabla ya kuanza kuchipuka. Mkenekaji wa Poland huhifadhi viazi ghalani miezi kadhaa katika baridi ya asili. Hapa kwetu, bila maghala yenye ubaridi, kiwanda kingelazimika kumaliza mavuno ya msimu kwa wiki chache na kisha kukaa bure, au kushindania viazi na meza za watu bei inapopanda. Aidha, viazi vinapochipuka hutumia wanga wao wenyewe, na ule unaopotea ndio ungekuwa alkoholi.

Haina maana kwamba jambo haliwezekani popote. Katika kaunti ya Herefordshire, Uingereza, mkulima wa viazi William Chase, ambaye alikuwa ametajirika kwa krispi za Tyrrells, alianza kukeneka vodka ya viazi vya shamba lake mwaka 2008. Miaka miwili baadaye ilishinda tuzo ya vodka bora zaidi katika mashindano ya San Francisco, na mwaka 2021 Diageo ikainunua biashara hiyo. Lakini Chase hakushindana na vodka ya bei ya chini. Aliuza chupa ghali kwa wateja waliotaka kujua jina la shamba, na kabla ya hapo alikuwa tayari na jina, mtaji na barabara nzuri. Kabla ya vodka, alianza na krispi, na tani moja ya viazi vya krispi hailipiwi ushuru wa pombe.